Mteja anarudi kila mwezi na maumivu chini ya kitovu, ultrasaundi ipo safi: ni PID kweli?

DukaKijenge

Habari za jioni wakuu. Nipo kwenye duka la dawa muhimu hapa Kijenge, Arusha. Kuna aina ya mteja ambaye sitaki kuendelea kumuuzia dawa kwa kubahatisha.

Mfano: dada wa miaka 27, ameolewa, hajapata mtoto. Ukifungua daftari lake la matibabu, kila ukurasa ni yale yale: PID (maambukizi ya viungo vya uzazi vya ndani), UTI (maambukizi ya njia ya mkojo), "PID sugu", na chini yake antibayotiki: azuma, flajili, doksi, sipro. Hana homa, hana uchafu wenye harufu, mkojo haumuunguzi. Maumivu yanaanza siku 2 kabla ya hedhi, yanateremka kiunoni na mapajani, na siku 2 za kwanza halali. Siku hizo akienda haja kubwa anasikia kama anachomwa na kisu. Tendo la ndoa linamuuma kwa ndani kabisa, si mlangoni. Ultrasaundi ya tumbo imeandikwa kila kitu ni kawaida. Nyumbani wameshamwambia ni chango, litaisha akizaa.

Nashuku endometriosisi. Nikiwa hapa kaunta, nitaitofautishaje na PID? Akifika hospitali aseme nini ili asirudishiwe antibayotiki? Na maumivu ya mwezi huu tuyashike vipi, maana anameza Diclopar na brufeni kwa mpigo na bado analia?

SistaMkunga_Moshi

Pole na kazi dada. Umeyapanga vizuri hayo maelezo, na jibu kubwa limo humo humo.

Anza na kalenda. PID ni maambukizi. Kwa kawaida huja ndani ya siku au wiki chache, mara nyingi na uchafu uliobadilika rangi au harufu, pengine homa, pengine damu baada ya tendo, na ukimpima kwa vidole, mlango wa kizazi ukiusogeza tu mgonjwa anaruka kitandani. Akipewa antibayotiki zinazofaa, ndani ya siku 3 lazima uone nafuu. Maumivu yanayojua tarehe, yanayokuja kabla ya hedhi na kuondoka nayo mwezi hadi mwezi, hayafanani na kazi ya bakteria. Kinachowadanganya wengi ni hiki: mgonjwa anaanza azuma siku ya pili ya hedhi, siku ya nne damu inakatika na maumivu yanakatika, sifa zote anapewa azuma. Mwezi ujao anaiomba mwenyewe kwa jina.

UTI ni hivyo hivyo. Mkojo uliochukuliwa siku za hedhi utaonyesha damu na chembe nyeupe kwenye stiki hata kama kibofu ni kizima. Apimwe baada ya hedhi kwisha, ajisafishe, mkojo wa mwanzo aumwage, akinge wa katikati. Kama "UTI" imerudi zaidi ya mara mbili, mkojo uoteshwe maabara kabla hajameza antibayotiki nyingine yoyote.

Endometriosisi yenyewe ni nyama inayofanana na utando wa ndani wa kizazi, ila imeota nje ya kizazi: kwenye ovari, nyuma ya kizazi, juu ya utumbo mpana, kwenye kibofu. Inaitikia homoni zile zile za mwezi. Inavimba, inavuja damu kidogo, na hiyo damu haina pa kutokea. Eneo linawaka, linaweka makovu, na viungo vilivyotakiwa kuteleza vinashikana. Ndiyo maana mteja wako anaumia akienda haja kubwa: nyuma ya kizazi na mbele ya utumbo ndipo penye sehemu inayoshambuliwa sana. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa inawapata karibu asilimia 10 ya wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa, watu kama milioni 190. Kwa hiyo usidhani huyo ni wa peke yake kwenye foleni yako.

Mpe karatasi moja tu ajaze kwa miezi 2 au 3: tarehe, damu ipo au haipo, maumivu kwa alama 0 hadi 10, yapo wapi, dawa gani na saa ngapi, alishindwa kwenda kazini au la, na alama maalumu siku aliyoumia kwa haja, mkojo au tendo. Daktari ana dakika chache. Karatasi hiyo ataisoma, simulizi ndefu ataikata katikati. Lakini asingoje miezi 3 iishe ndipo aende. Aanze leo, aende kliniki na kilichopo.

Kwenye barua ya rufaa, mwombe mganga wa zahanati aandike dalili zenyewe, asiandike tu "maumivu ya tumbo". Mfano: "Maumivu makali ya hedhi kila mwezi, maumivu ya ndani wakati wa tendo, maumivu ya haja kubwa siku za hedhi, hajashika mimba. Ametumia antibayotiki mara kadhaa bila nafuu ya kudumu. Kipimo cha mimba: hasi. Naomba achunguzwe endometriosisi." Kwa Arusha aanzie kliniki ya magonjwa ya wanawake hospitali ya Mount Meru. Wa Moshi waanzie hospitali ya Mawenzi. KCMC, nayo ya Moshi, ni hospitali ya rufaa ya kanda, na huko ndiko ninakoelekeza wale wanaoelekea kuhitaji upasuaji. Daftari la zamani alibebe lote, hata lile lililochanika.

Yafuatayo hayangojei kliniki: hedhi imechelewa na tumbo linauma, hasa akihisi kizunguzungu au bega linauma (hiyo chukulia ni mimba iliyotunga nje hadi ithibitike vinginevyo), maumivu ya ghafla upande mmoja na kutapika (ovari inaweza kuwa imejisokota), homa na tumbo gumu, kushindwa kutoa mkojo au upepo. Na mwenye kukohoa, kutoka jasho usiku na kupungua mwili apimwe TB, maana nayo huingia hadi kwenye kizazi na mirija.

Nyongeza, kwa sababu inasahaulika sana: mama aliyejifungua kwa operesheni akija na kivimbe kwenye kovu kinachouma na kukua kila hedhi, kisha kinanywea, kisipasuliwe kama jipu. Inaweza kuwa endometriosisi ya kovu. Ukipasua hutapata usaha, na kivimbe kitarudi pale pale.

PichaTu

Niongeze kwa upande wa picha, na nitasema wazi kwa sababu jambo hili linatuchosha. Ultrasaundi ya juu ya tumbo ikiwa safi haiondoi endometriosisi. Madoa madogo juu ya utando wa tumbo hayaonekani hata kwa mashine nzuri. Kinachoonekana ni uvimbe wa ovari wenye damu nzito ya zamani, unaoonekana kama kioo chenye ukungu, na vinundu vinene nyuma ya kizazi kama mpimaji anajua pa kutafuta.

Inayosaidia zaidi ni ya kupitia ukeni, kibofu kikiwa kitupu (ya juu ya tumbo ndiyo inayotaka kibofu kijae). Fomu iandikwe "tunashuku endometriosisi", maana ukiandikiwa "maumivu ya nyonga" unatafuta mimba, fibroidi (uvimbe wa misuli ya kizazi) na maji, basi. Mpimaji asukume taratibu aone kama kizazi kinateleza juu ya utumbo au kimeganda, ovari zinasogea au zimegandana nyuma ya kizazi, na sehemu gani hasa inauma inapoguswa. Hayo yaandikwe kwenye ripoti hata kama hakuna uvimbe. Kwa binti ambaye hajaanza tendo, kipimo cha ukeni hakifanywi. MRI (picha za mashine ya sumaku) inasaidia kabla ya upasuaji mkubwa, haina haja kwa kila mtu.

Kipimo cha damu cha CA-125 kisitumike kuthibitisha. Kinapanda kwa hedhi yenyewe, fibroidi, mimba, TB ya tumbo. Watu wanalipia kisha wanaambiwa wana saratani. Hofu ya bure.

Mfamasia_Njiro

Nianze na hiyo Diclopar na brufeni. Diklofenaki na ibuprofeni ni ndugu. Ukizichanganya hupati nafuu mara mbili, unapata vidonda vya tumbo na mzigo kwenye figo. Na Diclopar ndani yake kuna parasetamoli tayari, kwa hiyo akiongeza Panadol juu yake anaweza kuvuka kiwango bila kujua. Geuza pakiti umsomee.

Chagua moja. Ibuprofeni 400 mg, yaani vidonge 2 vya 200, kila baada ya saa 8 na chakula: saa 1 asubuhi, saa 9 alasiri, saa 5 usiku. Au diklofenaki 50 mg mara 3, isizidi 150 mg kwa siku. Juu ya mojawapo anaweza kuongeza parasetamoli ya kawaida 1 g kila baada ya saa 6, isizidi 4 g kwa saa 24. Aliye chini ya kilo 50 apunguziwe parasetamoli.

Lakini kinachoharibu zaidi ni saa ya kuanza. Maumivu ya hedhi yanasukumwa na kemikali ziitwazo prostaglandini. Dawa hizi zinazuia zisitengenezwe, hazifuti zilizokwisha kumwagika. Akingoja hadi alie, amechelewa. Kama mwezi wake unatabirika, aanze siku 1 au 2 kabla. Kama hautabiriki, aanze anapohisi dalili ya kwanza kabisa. Kisha ameze kwa saa, si kwa maumivu, siku 2 hadi 3, halafu aache. Asipewe mwenye vidonda vya tumbo, figo mbovu, pumu inayochochewa na aspirini, au mjamzito. Choo cheusi kama lami, aache na aende hospitali. Na huyu anayetafuta mimba azitumie siku za hedhi tu, maana zikimezwa mfululizo katikati ya mwezi zinaweza kuchelewesha yai kutoka.

Tramadoli siishauri kwa hili. Inafunga choo, na choo kikifunga kwa mtu ambaye utumbo wake unauma umemwongezea tatizo la pili. Tena inazoeleka.

Sasa homoni, ambazo ndizo tiba hasa kwa asiyetafuta mimba kwa sasa. Lengo ni kunyamazisha mzunguko, hedhi zipungue au zisiwepo. Watu wanaogopa kwamba damu "inajaa ndani". Haijai, kwa sababu utando haukui.

Vidonge vya majira vyenye homoni mbili: pakiti ya 28 ina 21 vya homoni na 7 vya rangi tofauti, mara nyingi vya madini ya chuma. Kwa endometriosisi anaruka hivyo 7 na kuanza pakiti mpya siku inayofuata. Matone ya damu miezi 3 ya mwanzo ni kawaida. Yakizidi, na ameshameza vya homoni siku 21 au zaidi, anapumzika siku 4 kisha anaendelea. Asipewe mwenye presha kuanzia 140/90, aliyewahi kuganda damu mguuni au kwenye mapafu, mwenye kipandauso kinachotanguliwa na kuona miale, au mvutaji wa miaka 35 na kuendelea. Kwa hiyo pima presha kwanza, kila mara.

Hao wasiofaa homoni mbili wanatumia yenye homoni moja tu, projestini: sindano ya 150 mg kila miezi 3, vijiti vya mkononi, kitanzi chenye homoni, au vidonge kama dienojesti 2 mg kila siku bila kuruka. Sindano na vijiti vinapatikana kwenye uzazi wa mpango vituo vya umma bila malipo, hilo linawasaidia wengi. Sindano ina kasoro yake: baada ya kuiacha mimba inaweza kuchelewa karibu mwaka, kwa hiyo si ya mtu anayepanga kuzaa karibuni. Kitanzi cha shaba kiepukwe hapa, huongeza damu na maumivu. Dienojesti isihesabiwe kuwa ni kinga ya mimba, wajikinge na kondomu.

Tiba yoyote ya homoni ipewe miezi 3 kamili kabla ya kusema imeshindwa. Wengi wanaacha wiki ya sita kwa sababu ya matone.

MzeeWaMianzini

Wanangu, mnazunguka mbali. Chango ni chango. Kuna dawa za kunywa na za kuweka, kizazi kinasafishwa na uchafu wote unatoka unauona kwa macho. Na akizaa mara moja tu, kwisha habari. Bibi zetu walifanya hivyo.

SistaMkunga_Moshi

Shikamoo mzee. Kwa heshima zote, hapo kwenye "za kuweka" ndipo tunapopokea majeruhi. Ule "uchafu" unaotoka baada ya siku 2, kama vipande vyeupe au vya kijivu, mara nyingi ni ngozi ya ndani ya uke iliyoungua na ute uliochanganyika na dawa. Nyama ya endometriosisi ipo ndani ya tumbo, upande wa pili wa ukuta. Hakuna kinachowekwa ukeni kikaifikia na kuivuta itoke. Anabaki na kidonda, kisha anapata maambukizi ya kweli, na sasa ile PID iliyokuwa inaandikwa kimakosa inakuwa sahihi.

Kuhusu kuzaa: wapo wanaopata nafuu wakiwa wajawazito na wakinyonyesha, kwa sababu hedhi imesimama. Hedhi ikirudi, wengi maumivu hurudi. Mimba si dawa, na kumwambia hivyo mwanamke ambaye mimba yenyewe haishiki ni kumwongezea uchungu. Hata kutoa kizazi hakumalizi kama nyama iliyo nje imeachwa.

FizioSoweto_Moshi

Nimesoma hadi hapa sijaona mtu anataja misuli. Mtu aliyeumia nyonga miaka kadhaa anaikaza misuli ya sakafu ya nyonga bila kujua, kama anayezuia mkojo kutwa nzima. Mwishowe misuli yenyewe inakuwa chanzo cha maumivu: tendo linauma, mkojo unaanza kwa shida, choo hakitoki chote. Hii inaeleza kwa nini wengine hedhi imeshanyamazishwa kwa homoni na bado wanaumia.

Kosa la kawaida ni kuwaambia wafanye mazoezi ya kubana. Kwa misuli iliyokwisha kukakamaa, kubana kunaongeza. Hawa wanahitaji kuachia kwanza. Alale chali, mto chini ya magoti, mkono mmoja juu ya kitovu. Avute pumzi kwa puani akihesabu hadi 4, tumbo lipande mkononi na ahisi sehemu ya kukalia inashuka na kufunguka; aitoe taratibu kwa kuhesabu hadi 6, bila kukaza chochote. Dakika 5 hadi 10, asubuhi na usiku. Kifua kikipanda badala ya tumbo, hajafika. Kisha kupiga magoti na kuinama mbele hadi paji la uso liguse mkeka, magoti yametanuka, abaki hapo pumzi 10. Asilazimishe siku za maumivu makali.

Chooni: aliye na choo cha kukaa aweke kigoda chini ya miguu, magoti yapande juu ya nyonga, ainame mbele, asisukume kwa kuziba pumzi. Cha kuchuchumaa kiko sawa tayari. Maharage, mboga za majani, parachichi na maji ya kutosha. Vidonge vya kuongeza damu vinafunga choo, ashauriane juu ya kumeza siku moja na kuruka moja.

Joto linasaidia kweli. Chupa ya maji ya moto, si yanayochemka, ifungwe kwenye kanga iliyokunjwa, dakika 15 hadi 20 chini ya kitovu au kiunoni. Baridi ya Juni na Julai huku kwetu watu wanalala nayo imegusa ngozi usiku kucha, na tunawaona na mabaka ya kahawia kama wavu tumboni. Hiyo ni ngozi inayoungua polepole.

Kwenye tendo, mume aelezwe. Mikao ambayo mwanamke ndiye anayeamua kina huumiza kidogo, vilainishi vya maji visaidie, na siku ya kuuma waache. Ukijilazimisha, misuli inajifunza kukaza hata kabla ya kuguswa.

DukaKijenge

Asanteni sana. Mawili ya mwisho. Huyu dada anataka mtoto sasa, kwa hiyo homoni zote hizo hazimfai? Na upasuaji, anatakiwa aulize nini? Pia nina mteja mwingine mwenye dalili kama hizi ila yupo kwenye dawa za TB.

SistaMkunga_Moshi

Kwa anayetafuta mimba sasa, ni kweli: homoni zinatuliza maumivu ila zinazuia mimba wakati anazitumia, na hazimwongezei uwezo wa kushika baadaye. Abaki na dawa za maumivu siku za hedhi, joto, mazoezi ya mwenzetu, na aanze uchunguzi wa uzazi. Kawaida tunasema mwaka mmoja wa kujaribu, miezi 6 kwa aliyefika 35, lakini mwenye dalili kama hizi asisubiri. Na mume apimwe mbegu tangu mwanzo, siyo mke afunguliwe tumbo kwanza halafu ndipo mume akumbukwe.

Upasuaji wa matundu madogo, laparoskopi, unaweza kuongeza nafasi ya mimba ya kawaida kwa endometriosisi isiyo kali. Siku hizi si lazima ufanyike ili tu kuthibitisha ugonjwa kabla ya kuanza dawa. Mwongozo wa Ulaya wa 2022 umeliacha sharti hilo. Aulize: utakata nyama na kuitoa au utaichoma juu juu? Sampuli itapelekwa maabara? Ikionekana kwenye utumbo, yupo daktari wa upasuaji wa utumbo? Nitapewa ripoti na picha? Kama ni uvimbe wa ovari aulize pia kuhusu akiba ya mayai, kwa sababu kuubandua uvimbe huondoka na sehemu ya ovari yenye afya, na kurudia operesheni upande ule ule kunazidi kuimaliza. Asiyetafuta mimba aanzishiwe homoni baada ya upasuaji, la sivyo ugonjwa hurudi mapema.

Mfamasia_Njiro

Huyo wa TB: rifampisini, moja ya dawa za TB, inaharakisha ini kuvunja homoni. Vidonge vya majira, dienojesti na vijiti vyote vinapungua nguvu, na athari hiyo inabaki kama wiki 4 baada ya kidonge cha mwisho cha rifampisini. Sindano ya miezi 3 haiathiriki kwa kiasi cha kujali, na kitanzi chenye homoni kinafanya kazi pale pale kwenye kizazi, kwa hiyo ni kati ya hivyo viwili. Dawa za kifafa kama kabamazepini na fenitoini zina tabia hiyo hiyo. Kuhusu maumivu, dawa za TB zinachosha ini, kwa hiyo parasetamoli usimfikishe 4 g. Mwulize kliniki ya TB wanamruhusu kiasi gani, na kama macho yamekuwa ya njano usimuuzie kabisa, mrudishe kwao siku hiyo hiyo.